Dakika Tisa

Kazi yangu ni kupima joto la maji
na kuhakikisha haingii mtu kabla ya kuoga kwa sabuni.
Kusikiliza hakumo kwenye mkataba.
Lakini bwawa dogo la tatu, la nyuzi arubaini na mbili,
liko hatua nne kutoka kiti changu,
na mvuke hauzibi masikio.

Saa moja asubuhi, kiza totoro.
Saa ya kwanza ya mchana, wanasema;
nani amwambie jua wa Januari?
Theluji inawatua vichwani kama unga,
kuanzia shingoni kwenda chini wanachemka.
Nyuso huzioni. Unaona mvuke ukibishana na mvuke.

Dýrfinna, aliyefundisha hesabu miaka arubaini, ndiye huanza:
"Dakika tisa! Mjukuu wangu kaachwa na basi mara mbili
kwa kuiamini saa ya kanisa."
"Basi mnunulie ya mkononi," anajibu Ketill,
fundi wa majokofu, sauti kama mlango wa chuma.
"Saa ile ilichelewa siku ya ubatizo wangu.
Ilichelewa siku ya harusi, na bibi arusi akanisubiri.
Mkiirekebisha nitawahi kila mahali,
na nani anataka kuwahi maziko yake?"

Kicheko. Maji yanamwagika ukingoni, yanaganda.

Snæbjörn huja na elimu yake:
nchi nzima imekosea, asema,
tuliazima majira ya walio mashariki yetu,
jua letu hufika utosini saa saba na nusu,
kwa hiyo ile ya kanisa, kwa kuchelewa kwake,
ndiyo pekee inayojaribu kusema kweli.
"Kujaribu si kusema!"
"Na wewe kuhusu bandari ulipiga kura gani?"
Bandari tena. Kila mjadala hapa
una mlango wa nyuma unaotokea bandarini.

Nimesikia wakiitana vichwa vya samaki mkavu.
Nimesikia "sitakanyaga tena hapa" mara ishirini,
na kesho yake taulo lile lile, msumari ule ule.

Halafu, Jumanne moja ya Februari, Ketill hakuja.
Wakazungumzia upepo. Upepo haukuwa na mpinzani.
Jumatano, bei ya siagi.
Alhamisi walinyamaza hata nikapima maji mara mbili
nikidhani kipimo kimeharibika:
arubaini na mbili, sawasawa,
nao wamejikunyata kama walioachwa nje ya nyumba.

Ijumaa Dýrfinna akakohoa.
"Saa iachwe ilivyo," akasema.
Mvuke wote ukageuka kumtazama.
"Namsemea yeye. Mtu akienda kupasuliwa goti
hoja yake isibaki yatima."
Akaisema vizuri kuliko mwenyewe alivyowahi kuisema.
Akatia ubatizo, akatia harusi,
akamtia na mke, ambaye sisi sote tulimzika:
dakika tisa zile, akasema,
ndizo pekee ambamo bado mtu yule anasubiriwa.
Snæbjörn akatafuta jibu, akalikosa,
akazama hadi puani.

Wiki ya tatu, gongo likagonga vigae.
Ketill, goti limezungushiwa nailoni.
Sheria hairuhusu. Nilikuwa natazama upande mwingine.
Akashuka ngazi moja moja, akasimama kwenye ya mwisho,
akaisikiliza hoja yake kinywani mwa hasimu wake,
yote, mpaka ilipokwisha.

"Umekosea," akasema.
"Wapi?"
"Mwanzoni. Na katikati. Sogea."

Akasogea. Maji yakapanda upana wa kidole.
Ng'ambo ya ukuta saa ya kanisa ikagonga mbili,
na hakuna aliyetazama saa yake
kujua ni ngapi hasa.